Si uzee wala uchawi: dhana potofu kuhusu demensia

Demensia ni hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu seli za ubongo hatua kwa hatua, hadi mgonjwa anapungukiwa na kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, lugha, na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, ukifuatwa na madhara ya kiharusi na magonjwa ya mishipa ya damu ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Pamoja na hayo, katika familia zetu nyingi bado haitambuliwi kuwa ni ugonjwa.

“Ni uzee tu, kila mzee husahau.”

Umri mkubwa huongeza hatari, lakini wazee wengi huishi hadi mwisho wakiwa na akili timamu. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliowapima watu wa miaka 70 na zaidi waliikuta demensia kwa takriban asilimia 6 tu. Usahaulifu wa kawaida ni kutafuta miwani na baadaye kukumbuka ilipowekwa. Mwenye demensia huweza kuishika miwani hiyo asijue ni ya kazi gani, na bibi aliyesonga ugali maisha yake yote akasimama mbele ya sufuria, bakuli la unga mkononi, asijue aanze na nini. Wala si wazee peke yao wanaoupata: Auguste Deter, mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake kuhusu ugonjwa wake mwaka 1906, alikuwa na miaka 51 alipolazwa Frankfurt mwaka 1901.

“Amerogwa”, au mbaya zaidi, “yeye ndiye mchawi.”

Hii ndiyo dhana inayoua. Mama mzee anakutwa usiku wa manane uani kwa jirani, pengine bila nguo, akiongea na watu wasioonekana, na akiulizwa anatafuta nini anashindwa kujieleza. Kwa anayeamini uchawi, huo ni ushahidi tosha. Kwa daktari, hizo ni dalili zinazofahamika: ubongo umeshindwa kutofautisha usiku na mchana, mgonjwa anaitafuta nyumba aliyokulia ambayo huenda ilibomoka zamani, na katika aina moja ya demensia, inayohusishwa na chembe za Lewy (mabonge ya protini ndani ya seli za ubongo), huona kabisa watu au wanyama ambao hawapo. Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu huko Marani, Kisii. Usukumani nako vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma hizohizo. Si kila anayetuhumiwa ana demensia, lakini anayeugua amebeba dalili zinazofanana na tuhuma zenyewe, naye hana tena maneno ya kujitetea. Kumnyamazia anayemwita mchawi ni kumwacha peke yake mbele ya hatari.

“Anafanya makusudi kutusumbua.”

Baba anaficha fedha zake ndani ya gunia la mchele, anasahau, kisha anamtuhumu mkaza mwana kuwa kamwibia. Inauma sana kutuhumiwa hivyo na mtu unayemwosha na kumlisha, ila hasemi uongo: kumbukumbu ya kuficha haipo, na ubongo unajitafutia maelezo. Kubishana naye hakusaidii. Zitafute pamoja naye, kwa upole. Vilevile akimuulizia mama yake aliyefariki kitambo, kumjibu kila mara kwamba alishakufa ni kumpa msiba mpya kila siku. Mwombe akusimulie habari za mama huyo, kwa kuwa kumbukumbu za zamani hukawia kupotea.

“Haina dawa, hospitali tutafuata nini?”

Ni kweli kwamba aina nyingi hazijapata tiba ya kuponya. Lakini zipo hali zinazofanana na demensia ambazo hutibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, kaswende, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, au hata dawa anazotumia mgonjwa. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, awahishwe hospitali, kwani huenda ni malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Kinga nayo ipo: mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara na upungufu wa usikivu, ambayo yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Anayempeleka mzee kliniki aandike mabadiliko yalianza lini na yalianzaje, abebe dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo, na aambatane na yule anayeshinda naye nyumbani, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi atamwambia daktari kwamba hana tatizo lolote.