Viini vinne vya gigahezi 2 havifanyi gigahezi 8

Mteja akishaulizia bei ya laptopu ya mtumba, swali linalofuata ni lile lile: "Fundi, hii ina viini vingapi?" Viini (cores) ni sehemu za prosesa, ubongo wa kompyuta, ambazo kila moja inafanya kazi zake. Akiambiwa vinne, anazidisha palepale: viini vinne mara gigahezi 2, basi mashine ni ya gigahezi 8. Wapo wauzaji wanaoiweka hesabu hiyo kwenye tangazo kabisa. Inaniuma, maana watu wanatoa pesa waliyoidunduliza kununua kasi ambayo haipo.

Gigahezi 2 ni mapigo bilioni 2 kwa sekunde, ya kiini kimoja. Kiini cha pili hakiongezi hata pigo moja kwenye cha kwanza. Kinapiga ya kwake, kwa kazi yake. Saluni yenye vinyozi wanne inahudumia wateja wanne kwa mkupuo, lakini ukiingia peke yako utanyolewa na mmoja, kwa kasi ya mkono wake. Kazi ya kompyuta isiyogawanyika huenda hivyohivyo.

Na kazi za namna hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Excel imekuwa ikigawa hesabu za fomula kwa viini vingi tangu toleo la 2007, ila makro ya VBA (programu ndogo inayoandikwa ndani ya Excel) bado inaendeshwa na kiini kimoja, hata uwe navyo kumi na sita. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo na mashine, nayo, ukiacha kutengeneza picha za mwisho, kazi yake kubwa inaegemea kiini kimoja. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka ukomo. Nusu ya kazi isipogawanyika, viini vinne vinakupa kasi mara 1.6, vinane mara 1.8 hivi, na ukileta mia moja bado hufiki mara 2.

Usinisadiki mimi, jionee. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, uingie Performance kisha CPU. Kwenye prosesa ya viini vinne, nyuzi nne (threads, yaani njia za kazi; hapa moja kwa kila kiini), endesha makro nzito. Matumizi yatapanda hadi asilimia 25 hivi na kugota hapo. Wengi wakiiona hiyo 25 wanasema prosesa imepumzika, tatizo ni Windows. Robo hiyo ni kiini kimoja kilichofika mwisho wa nguvu zake. Ukichagua kuona mchoro wa kila kiini, na yote minne ikichezacheza, usishangae. Windows huihamisha kazi kutoka kiini hadi kiini, lakini jumla inabaki palepale.

Chukua laptopu mbili ambazo zimejaa sokoni. Moja ina prosesa ya Pentium N3710, viini vinne vya gigahezi 1.6. Nyingine ina Core i5-6300U, viini viwili vya gigahezi 2.4. Kwa hesabu ya kuzidisha, ya kwanza ni 6.4 na ya pili 4.8. Zifungue uzitumie: i5 inaiacha Pentium mbali, hata kwenye kazi inayotumia viini vyote. Pentium ile ilitengenezwa kula wati 6, i5 wati 15, na kiini cha i5 kinafanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Ndiyo maana hata gigahezi zenyewe hazilinganishwi kati ya familia mbili tofauti za prosesa.

Basi kwa nini waliongeza viini? Kwa sababu ya joto: kadiri mapigo yalivyoongezwa, ndivyo chipu ilivyozidi kuchemka. Pentium 4 ya kiini kimoja ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na mwaka huohuo Intel ikafuta mpango wa kutoa ya gigahezi 4. IBM ilishaweka viini viwili kwenye chipu moja mwaka 2001, katika POWER4. Mwaka 2005 zikaja Pentium D na Athlon 64 X2 kwa watu wa kawaida.

Dhana nyingine potofu nazimaliza haraka. Core i7 haina viini saba. i7-7500U ina viwili tu, na i5-8250U iliyotoka mwaka uliofuata ina vinne, lakini kila wiki namwona mtu akiongeza pesa aichukue hiyo i7. Soma namba yote ya prosesa hadi herufi ya mwisho.

Nyuzi si viini. i5-6300U inaonyesha prosesa nne za kimantiki, za kweli ni mbili. Hyper-Threading, mbinu ya Intel ya kuendesha nyuzi mbili kwenye kiini kimoja, inajaza nafasi ambazo kiini kingekaa bure. Inasaidia, haizidishi mara mbili.

Wala huhitaji viini vingi ili kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kompyuta ya kiini kimoja ilikuwa ikipiga muziki huku unachapa barua tangu enzi za Windows 95, kwa kurukaruka kati ya kazi kila baada ya milisekunde chache. Kiini cha pili kilichotuokolea ni kuganda: kisaka virusi (antivirus) kikianza kupekua diski, programu nyingine bado zinapata pa kupumulia.

Chaji nayo haiishi kwa sababu viini ni vingi. Visivyo na kazi hulazwa, na kazi inayogawanyika, ikiendeshwa na viini viwili kwa volti ndogo, inakula umeme kidogo kuliko kukikamua kimoja.

Viini vingi vinunue kama unahariri video za harusi, unatengeneza picha za 3D au unaendesha kompyuta pepe (virtual machines). Wa barua, kivinjari na hesabu za duka, tafuta kiini chenye nguvu kwanza, idadi baadaye. Na kabla hujabadilisha mashine, rudi Task Manager uangalie mstari wa Disk. Ukiwa asilimia 100 huku CPU iko 10, nunua SSD (diski ya kasi), ongeza RAM (kumbukumbu ya muda) ifike GB 8, ubaki na prosesa yako.