Usitie Dole Kwanza: Tunayoyadhania Kuhusu Msaada wa Kisheria Zanzibar

Shangazi yangu alitia dole gumba akiwa ndani ya eda. Mumewe hajatimiza wiki tatu kaburini, mashemeji wakaja na karatasi, wakamwambia ni ya "kupanga mambo ya marehemu". Hakuisoma wala hakusomewa. Alipotoka eda, baada ya miezi minne na siku kumi, mikarafuu aliyoichuma miaka ishirini ilikuwa na mwenyewe mwengine. Tulipompeleka kwa msaidizi wa sheria hapa Pemba, swali la kwanza lilikuwa: "Mbona hamkuja mapema?" Majibu tulikuwa nayo mengi, na yote tuliyaokota barazani tukayaamini. Nayaandika hapa ili mwengine asiyaamini.

"Vile vituo ni vya watu wenye kesi."

Hii ndiyo iliyomponza shangazi. Kesi ni hatua ya mwisho kabisa. Sehemu kubwa ya kazi ya kituo cha sheria hufanyika mezani: unasomewa karatasi uliyoletewa, unaelezwa haki yako, unaandikiwa barua, upande wa pili unaitwa mkazungumza. Ukifika kabla ya kutia dole, huenda ikawa ni mazungumzo ya nusu saa. Ukifika baada ya hapo, ni juu yako kuonyesha kwamba ulidanganywa, na huo ni mlima.

Angekwenda mapema, angeambiwa kwamba mke anarithi thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, hata kama watoto hao si yeye aliyewazaa, na robo ikiwa hakuacha. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, wanagawana fungu hilo hilo. Kinachotangulia kabla ya kugawa ni gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi thuluthi ya mali. Hakuna shemeji mwenye uwezo wa kulifuta fungu la mjane. Warithi wakiwa wameridhiana, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulikia mirathi. Wakigombana, mlango ni Mahakama ya Kadhi.

Angeulizwa pia jambo ambalo sisi hatukulifikiria: karatasi inataja shamba, au inataja miti? Visiwani ardhi ni ya Serikali na mtu anakuwa na haki ya kuitumia, lakini miti ina mwenyewe. Ardhi inaweza kuwa mkononi mwa mmoja na mikarafuu iliyo juu yake ikawa ya mwengine. Neno moja katika karatasi kama ile linaweza kukuondolea vyote viwili.

"Cha bure kina mwenyewe, watakuja kukidai."

Mwenyewe yupo kweli, na anajulikana. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya 2018, na Serikali ina Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria. Huo ni mlango mmoja, na fedha yake ni ya umma. Mlango wa pili ni jumuiya zisizo za kiserikali. Kongwe kati yake ni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanza 1992, marehemu Profesa Haroub Othman akiwa miongoni mwa waasisi wake. Kina ofisi Unguja, na Pemba kipo Chake Chake, kwa hiyo mtu wa Micheweni au Mkoani hana haja ya kupanda boti.

Msaada huu umewekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kumlipa wakili. Hautozwi wala hauandikwi deni. Anayekuomba "ya soda" ili akusikilize anakudhulumu, na ni haki yako kumpeleka mbele. Ila gharama za pembeni, kama nauli za kwenda na kurudi mahakamani, ziulizie tangu siku ya kwanza.

"Msaidizi wa sheria si wakili, atanisaidia nini?"

Si wakili, ni kweli, na hasimami mahakamani kama wakili. Ni mtu wa mtaani kwenu aliyesomeshwa sheria za msingi. Anashauri, anasuluhisha, na jambo likimzidi anakupeleka kwa anayeliweza. Aliyetusaidia sisi aliijua njia ya kwenda kwenye lile shamba kabla hatujamaliza kumwelekeza.

"Sheha ameshaamua."

Sheha anaheshimiwa, na anastahili. Yeye ni mwakilishi wa Serikali katika shehia: anapatanisha, anaandika barua ya utambulisho, anawajua majirani na mipaka ya makonde yao. Lakini si hakimu. Asiyeridhika na suluhu ya kwa sheha hajavunja adabu akienda mbele: ugomvi wa ardhi una Mahakama ya Ardhi, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni za Kadhi.

"Sheria ni moja, Bara na Visiwani."

Dhana hii siku hizi inaletwa na simu. Mtu anapokea maelezo mazuri kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971 au mabaraza ya ardhi ya kata, anayatangaza ukumbini kwa shangwe, kumbe hayo ni ya Tanzania Bara. Huku Mahakama za Kadhi zimo ndani ya mfumo wa mahakama zenyewe, na sheria yake ya sasa ni Namba 9 ya 2017. Mashauri ya Kiislamu yanayoanzia kwa Kadhi yanaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Hayavuki kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hata msaada wa kisheria Bara una sheria yake nyengine, ya 2017. Ukiletewa ushauri, uliza kwanza: ni wa upande gani?

"Tutayamaliza wenyewe."

Hapa nawaomba ndugu zangu wa Pemba na Unguja tusikilizane. Muhali, ile haya ya kumkatalia jamaa, tunaujua sote. Mirathi, mipaka, matunzo ya watoto, hayo yakimalizwa kwa mazungumzo ya haki ni kheri. Lakini mtoto akidhalilishwa, hilo ni kosa la jinai. Halina ami wala mjomba wa kulisamehe, na anayeamua kushitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kila siku inayopita wazee wakiwa kikaoni, ushahidi unapotea. Msimkoshe mtoto, nguo zake msizifue, mpelekeni hospitali. Katika hospitali ya Chake Chake, na Mnazi Mmoja kwa upande wa Unguja, kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri wanapatikana pahala pamoja bila malipo. Msaidizi wa sheria atakuwa nanyi njia nzima, hasa pale jamaa wanapoanza kuja usiku na bahasha.

"Mke wa eda hatoki, basi asubiri."

Hana haja ya kutoka. Anaweza kumtuma mwanawe, anaweza kupiga simu, na msaidizi wa sheria anaweza kumfuata nyumbani. Sisi hilo hatukulijua, ndiyo maana shauri la shangazi mpaka leo liko kwa Kadhi.

Mwezi uliopita jirani yake alifiwa na mume. Siku ya tano ikaja karatasi, na kalamu juu yake. Shangazi aliipokea kwa adabu, akaikunja, akaiweka chini ya mkeka, akawaambia waliokuja kwamba mwenye eda ana msomaji wake. Jioni ile msaidizi wa sheria alikuwa amekaa ukumbini akimsomea, mstari kwa mstari.