Refuse na flatly, said na Mr: nani anaandamana na nani kwenye Kiingereza

Kazi yangu ni kuchimba kopasi, yaani yale marundo makubwa ya maandishi na mazungumzo ya watu yaliyoingizwa kwenye kompyuta, naangalia neno gani linaandamana na lipi. Na swali ninalopata sana kwa wanafunzi ni hili, kwanini nimeandika "I strongly refuse" mwalimu akapiga mstari mwekundu wakati sarufi iko sawa? Sarufi iko sawa kweli, ila refuse ana kielezi chake alichozoea, flatly, na msomaji Mwingereza anategemea kukutana nacho.

Hii kitu unaijua toka utotoni. Mtu anakataa katakata, analala fofofo, basi linajaa pomoni, na hakuna aliyekukalisha chini akakueleza kwanini mtu halali pomoni. Shida yetu ni kwamba tuna "sana" inayoingia karibu kila mahali, nashukuru sana, nakuomba sana, namkumbuka sana, tukihamia Kiingereza tunabandika very much kila kona wakati vitenzi vya kule vina wenzao: remember anaenda na vividly, admit na freely, deny na categorically au vehemently, believe na firmly. Recommend ana wawili na kila mmoja ana kazi yake, strongly ni ya ushauri, kama daktari akikwambia uache sigara, highly ni ya kusifia mgahawa au fundi. Alafu nafasi nayo ina maana, flatly inatangulia, he flatly refused, ila profusely mara nyingi inakuja nyuma, she apologised profusely.

Mwanaisimu Mwingereza J.R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoongozana nao, ila kulihakikisha hilo kwa data ilibidi kusubiri kompyuta. Kina John Sinclair pale Chuo Kikuu cha Birmingham wakatoa kamusi ya COBUILD mwaka 1987 iliyotokana na kopasi, baadae ikaja British National Corpus yenye maneno kama milioni 100.

Upande ninaoupenda mimi lakini ni wa majina yenye cheo, na watu wengi wanaupita tu. Chukua said, uliza nani anasema, na kwenye maandishi ya magazeti utaona Mr kajaa tele. Ukifikiri ni sheria ya Kiingereza utapotea, manake ni utaratibu wa chumba cha habari. Ile kopasi maarufu ya Penn Treebank, sehemu ya gazeti la Wall Street Journal ya mwaka 1989, inaanza na Pierre Vinken, jina kamili, sentensi ya pili tu keshakuwa Mr. Vinken, ndo ilikuwa staili ya gazeti lile mpaka mwaka 2023, mara ya kwanza jina zima, baada ya hapo Mr na jina la ukoo. Shirika la habari la Associated Press kwa kawaida halitumii Mr kabisa, kwaiyo ukijaza kopasi yako na habari zao huyo Mr anayeyuka na said inabaki na majina matupu. Ndo maana kabla sijaamini orodha yoyote ya maneno yanayoandamana nauliza kwanza maandishi yametoka wapi.

Hapa wasemaji wa Kiswahili tunateleza sehemu mbili. Tumezoea Bwana Juma, Mwalimu Asha, tunaandika Mr. John tukimaanisha jina lake la kwanza, wakati Mr anataka la ukoo. Sir ndo kinyume chake, anashika la kwanza, Sir Winston said, sio Sir Churchill said. Ya pili ni President, akiwa na jina hatangulizwi the, President Reagan announced, akibaki peke yake anaitaka, the President announced.

Na kitenzi kikitangulia, said Mr Vinken ni sawa na utaikuta magazetini kibao, ila said he ni Kiingereza cha zamani, we andika he said.