Gofu la kando ya Ziwa Tanganyika: yanayodhaniwa na wapiga picha, na ilivyo

Wapiga picha wengi huja Kigoma kutafuta magofu ya ufukweni wakiwa na mazoea ya pwani ya bahari. Ziwa lina mambo yake, na nyumba iliyotelekezwa kando yake haifi kama ya Bagamoyo.

"Miti ndiyo inayobomoa nyumba." Miti huchelewa kufika. Anayeanza ni maji. Bati moja likichomoka, kenchi zinalowa, dari inashuka, lipu inabanduka, na tofali za udongo zilizokuwa zimejificha nyuma yake zinaanza kumeguka. Kwenye zege, unyevu ukiifikia nondo, kutu huivimbisha hadi inapasua zege kutoka ndani. Chumvi haina kesi hapa, maana maji ya Tanganyika si ya chumvi. Nyufa zikishapatikana ndipo ndege na popo huangusha humo mbegu za mkuyu, na mzizi mwembamba kama uzi hufuata saruji kati ya tofali na tofali ukitafuta unyevu.

Kwa hiyo picha ya mti uliokumbatia ukuta, bila kuonyesha maji yalipopitia, ni nusu ya habari. Tafuta michirizi ya kutu chini ya misumari, weusi wa ukungu juu ya madirisha, na mstari wa tope ukutani unaoonyesha ziwa lilifika wapi. Mstari huo upige kamera ikiwa usawa wake, mwanga ukitokea ubavuni. Flashi ya mbele inaufuta kabisa.

"Nitasubiri maji yapwe." Utasubiri sana. Hakuna kupwa na kujaa kwa kuonekana. Ziwa hupanda na kushuka kwa msimu. Huwa juu zaidi mwezi wa nne na wa tano, chini zaidi mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na tofauti kwa kawaida haifiki mita moja. Kisha kuna mabadiliko ya miaka mingi. Maji yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Ulipokuwa umeziba katika karne ya 19 ziwa lilipanda. Ulipofunguka mwaka 1878 likashuka mita kadhaa, na ndiyo maana mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza majengo ya ufukweni. Chumba kilichofurika kinaweza kupita kiangazi kizima bila kukauka.

Anayetaka kijani pamoja na anga safi aje mwezi wa tano: mvua zinakatika, majani bado yamenona. Kufika mwezi wa nane na wa tisa, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi huficha milima ya Kongo.

"Mwanga mzuri ni saa kumi na mbili asubuhi." Hiyo ni saa ya Dar. Jua la Kigoma liko nyuma yake kwa karibu dakika 40; saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, na jua la utosi huja kwenye saa saba mchana. Ukuta unaotazama ziwa hutazama magharibi, hivyo kabla ya saa saba uko kivulini. Kivuli hicho ni kizuri kwa mizizi na lipu, wala usikidharau. Jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo linakukimbia dakika chache kabla ya saa ya machweo iliyoandikwa kwenye kalenda.

"Kamera nzuri itaona ndani na nje kwa pamoja." Mara nyingi haitaona. Dirisha linalotazama ziwa linang'aa mno kuliko chumba. Weka stendi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), funga fokasi, kisha piga picha tatu zinazopishana stopu mbili mbili (kila stopu ni mwanga maradufu au nusu) kwa kubadilisha kasi ya shata peke yake. Tatizo ni upepo: jani likisogea kati ya picha na picha, zikiunganishwa linatoka na kivuli chake. Majani yachukue kutoka picha moja tu kati ya hizo tatu.

"Maji ya magoti si kitu." Penye matete na konokono pana kichocho, na vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa jua likiwa kali. Vaa buti za mpira zinazopita kina cha maji, au pigia picha mlangoni. Mamba nao hupenda maji yaliyotulia, basi waulize wavuvi kwanza. Ndani penye kinyesi cha popo vaa barakoa ya N95. Ya kitambaa haizuii vumbi lenye kuvu.

"Halina paa, halina mwenyewe." Lina. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Yeye ndiye anayemjua mwenye kiwanja. Droni ni habari nyingine: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha wizara ya ulinzi, na kibali hakipatikani kwa siku moja. Bandarini usielekeze lenzi bila ruhusa, hata kama gofu lako liko nyuma tu ya uzio.