Mdakaji wa besiboli asiyejulikana si lazima awe mchezaji dhaifu

Wengi huamini kwamba mdakaji wa besiboli aliyecheza miaka mingi Marekani bila kutajwa, tena mwenye wastani mdogo wa kupiga (yaani asiyefanikiwa mara nyingi kuupiga mpira kwa gongo), alibaki kikosini kwa bahati tu. Ni rahisi kuona imani hiyo ilikotoka: takwimu za kupiga ndizo zinazotangulia kila ukurasa.

Lakini tazama kazi yenyewe. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji kwa ingingi tisa, yaani vipindi tisa vya mchezo, akipokea mipira inayoweza kuzidi kilomita 150 kwa saa kutoka umbali wa mita 18 na ushei. Yeye ndiye humpendekezea mrushaji aina ya mpira, kwa ishara za vidole au, siku hizi katika ligi kuu, kwa kifaa cha kielektroniki. Mkimbiaji akijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia bila mpira kupigwa, mdakaji husimama na kurusha karibu mita 39 kwa kufumba na kufumbua. Magoti yanachakaa, ndiyo maana timu huweka angalau wadakaji wawili, na yule wa pili hucheza mara chache. Kucheza mara chache kwa namna hiyo ni mpango wa timu. Binafsi naona ndiyo nafasi ngumu kuliko zote uwanjani.

Ukitaka kuhakiki, fungua rekodi ya mchezaji, uruke safu za kupiga. Tafuta wakimbiaji aliowanasa wakiiba vituo, mipira iliyompita, na misimu aliyocheza ligi ndogo. Kisha linganisha na wadakaji wenzake, si na wapigaji hodari.