Sindano za antibiotiki na masikio: tunayoambizana na yaliyo kweli

"Zikiisha sindano, masikio yatarudi." Ndivyo tulivyomwambia mjomba nyumbani Kayole alipolalamika kwamba yanamlia nziii usiku kucha. Alikuwa akidungwa kanamisini ya kifua kikuu sugu. Sindano ziliisha, kifua kikapona, masikio hayakurudi. Siku hizi kwenye matatu hukodolea macho midomo ya makanga ajue nauli ni ngapi.

Dhana hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Kanamisini, amikasini, gentamisini na streptomisini huingia ndani ya seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti, zikaziua. Kuku huotesha nyingine, binadamu haoteshi. Tena dawa hukawia sikioni, hivyo usikivu waweza kuendelea kupungua wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho.

"Lakini tukiongea ananisikia!" Ni kweli, kwa sababu seli za sauti nyembamba sana ndizo hufa kwanza, na mazungumzo hayazitegemei. Ukingoja mpaka mgonjwa aanze kusema "eti nini?", umechelewa. Kipimo cha usikivu kifanywe kabla ya matibabu au mara yanapoanza, kisha kirudiwe, sauti hizo nyembamba, zile zinazozidi hezi 8,000, zikiwemo.

Kizunguzungu nacho husingiziwa njaa au presha. Gentamisini na streptomisini hupiga hasa sehemu ya sikio inayotuweka wima. Mgonjwa akiyumba akitembea gizani, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Wengine huogopa antibiotiki zote. Amoksilini haimo katika jamii hii. Na gentamisini yenyewe huokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, kwa hivyo nakusihi usimkatalie mtoto sindano kwa sababu ya niliyoandika hapa.

Pamba na mafuta ya sikio havikingi chochote, maana dawa hupitia damuni. Kinachosaidia ni dozi inayolingana na uzito na hali ya figo, na daktari kujua kama unameza furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, au kama kwa kina mama yako kuna waliopoteza usikivu baada ya sindano, kwani udhaifu huo hurithiwa kwa mama.

Mwaka 2019 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliiondoa kanamisini katika tiba ya kifua kikuu sugu na kutanguliza vidonge, bedakuilini ikiwemo. Vilimkuta mjomba ameshamaliza sindano zake, na katika miezi yote ile hakupimwa masikio hata mara moja.