Mfanyakazi wa mpakani ni nani? Kulala nchi moja, kufanya kazi nchi nyingine

Nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi Luxembourg ila nyumba nimepanga Ufaransa, alinyamaza kidogo kwenye simu alafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe unakaa wapi hasa?" Nikamwambia nakaa Ufaransa. "Na mshahara?" Unatoka Luxembourg. "Na ukiumwa?" Hapo nikakwama, maana jibu lake sio la neno moja. Na maswali ya mama ndo hayohayo naulizwa na ndugu na marafiki wanaofikiria kufanya hivi, na naona wengi wanachanganya, wanadhani ukishafanya kazi Luxembourg basi we ni mtu wa Luxembourg, au ukishapanga Ufaransa basi kila kitu chako ni cha Ufaransa, na yote mawili sio kweli.

Mtu wa namna hii anaitwa mfanyakazi wa mpakani. Kwa Kifaransa ni frontalier, ukifika huku utalisikia neno hilo kila siku, kwenye treni, redioni, benki, mpaka kwa wenye nyumba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya hifadhi ya jamii, namba 883 ya mwaka 2004, inamweleza kama mtu anayefanya kazi nchi moja mwanachama, awe ameajiriwa au amejiajiri, huku anaishi nchi nyingine mwanachama ambako kwa kawaida anarudi kila siku au angalau mara moja kwa wiki.

Angalia hapo kwenye kurudi, maana ndo penye uzito wote. Kuvuka mpaka peke yake hakukufanyi uwe mfanyakazi wa mpakani. Dereva wa lori anavuka mipaka mitatu kwa siku na sio yeye. Mtu aliyetoka Mombasa kwenda kufanya kazi Qatar akarudi nyumbani baada ya miaka miwili, huyo ni mfanyakazi mhamiaji, kahamia kule. Fundi ambaye kampuni yake ya Ujerumani imemtuma Ubelgiji miezi mitatu, naye ni habari nyingine, huyo katumwa na mwajiri wake wa nyumbani. Mfanyakazi wa mpakani hajahama wala hajatumwa, ana kitanda chake upande huu na kazi yake upande ule, na jioni anarudi kwenye kitanda chake. Kwahiyo swali la mama, unakaa wapi hasa, ndo swali lilelile ambalo ofisi zote za huku zinaanza nalo.

Na hili jambo wala sio la Ulaya peke yake. Neno bodaboda tunalolitumia wote lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba watu kutoka boda mpaka boda, maana kati ya geti la nchi moja na la nchi nyingine kulikuwa na mwendo na watu wana mizigo. Namanga pia hivohivo, mji mmoja nchi mbili. Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda ndo usiseme, ile njia wanayoiita Petite Barrière imeshazoea kupitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku kwa miguu, mama wa mboga, mafundi ujenzi, wanafunzi, watu wanaolala Gisenyi na kufanya kazi Goma, na watu wa Gisenyi wanaopeleka bidhaa Goma na kurudi kabla geti halijafungwa. Ukitaka kumjua mtu wa mpakani muulize geti linafungwa saa ngapi, atakujibu bila kufikiri.

Tofauti ni kwamba kwetu mtu anapewa ruhusa ya kupita. Ana jeton yake, yaani kikaratasi cha kuvukia, au kitambulisho cha taifa kama ambavyo Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka nacho tangu 2014, anapita, anafanya kazi yake, anarudi. Ila kupita sio sawa na kutambuliwa kazini. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inaongelea wafanyakazi kwenda nchi yoyote mwanachama kwa uhuru, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji unamtaja kabisa mfanyakazi wa mpakani, kwa maelezo yanayofanana na haya ya Ulaya, kwamba makazi yake yako nchi jirani na anarudi kila siku au angalau mara moja kwa wiki, na Uganda ilijiunga nao 1995, Rwanda 2008. Lakini dada anayelala Busia ya Uganda na kuuza duka la mtu Busia ya Kenya, mara nyingi hana mkataba wa maandishi, hakatwi chochote cha uzeeni, akiumia kazini anajitibu mwenyewe. Inaniuma, maana kazi anayoifanya na safari anayoifanya ni ileile ninayoifanya mimi.

Sasa turudi huku. Luxembourg ni nchi ndogo yenye watu wasiofika laki saba, na wanaoingia kufanya kazi kutoka nje na kutoka jioni ni zaidi ya laki mbili, yaani karibu nusu ya walioajiriwa nchini. Zaidi ya nusu yao wanatoka Ufaransa, mji kama Thionville, Metz, Longwy, waliobaki wanatoka Ubelgiji upande wa Arlon na Ujerumani upande wa Trier. Asubuhi barabara ya A31 kutoka Metz inajaa magari mpaka unashangaa hawa watu wote wanaenda kujibana wapi. Mi napanda treni Thionville, ni kilomita kama 30 tu mpaka mjini Luxembourg, na upande wa Luxembourg usafiri wa umma ni bure tangu 29 Februari 2020, ila kipande cha Ufaransa unalipia, ndo maana wengine wanaendesha mpaka kituo cha kwanza baada ya mpaka wanaegesha hapo.

Kwanini tunafanya hivi? Hesabu ni rahisi. Kima cha chini cha mshahara Luxembourg mwaka 2025 kilikuwa zaidi ya euro 2,600 kwa mwezi kabla ya makato, Ufaransa kilikuwa kama 1,800. Niwe mkweli, hapo kuna kitu watu hawakisemi, Luxembourg wiki ya kazi ni saa 40 na Ufaransa ni 35, kwahiyo pengo sio kubwa vile linavyoonekana, na ukiongeza saa za treni linapungua tena. Lakini bado lipo. Na kodi ya nyumba Luxembourg ni kali mno, mtu wa jikoni kama mimi chumba na sebule mjini pale kingemaliza mshahara, ndo maana hata Waluxembourg wenyewe wapo wanaohamia upande wa pili na kuanza kuvuka kama sisi. Ubaya ni kwamba sisi wa mshahara wa Luxembourg tunapandisha bei za nyumba kwenye miji ya mpakani, na jirani yangu anayefanya kazi hapahapa Ufaransa kwa mshahara wa Ufaransa ndo anaumia, hilo naliona na silifurahii.

Kodi ya mshahara inakatwa Luxembourg, nchi ya kazi, kabla hela haijanifikia. Usidhani ni hivo kila mpaka, hapa kila nchi mbili zina mkataba wao. Geneva ya Uswisi kwa mfano, mkataba wake na Ufaransa wa 1973 unasema kodi inakatwa Geneva alafu Geneva inarudisha asilimia 3.5 ya mishahara ghafi ya wavukaji kwa mikoa ya Ufaransa wanakolala, Ain na Haute-Savoie, maana shule za watoto wao na barabara zao ziko huko. Kwenye kantoni, yaani majimbo, nyingine kadhaa za Uswisi, kwa mkataba wa 1983, ni kinyume, unalipa kodi Ufaransa na Ufaransa ndo inapeleka asilimia 4.5 Uswisi. Mameya wa upande wetu wamelalamika miaka mingi kwamba Luxembourg haiwarudishii mgao kama ule wa Geneva, inapendelea kuchangia miradi kama reli na sehemu za kuegesha magari. Mi naona mameya wana hoja.

Bima na michango ya uzeeni nayo inakatwa nchi ya kazi. Haya mama, ukiumwa: mfuko wa afya wa Luxembourg unanipa fomu inaitwa S1, naipeleka kwenye mfuko wa afya wa Ufaransa, wananisajili, na kuanzia hapo naweza kutibiwa pande zote mbili, daktari karibu na kazini au daktari karibu na nyumbani. Hii kwa kweli ni moja ya raha za kuwa frontalier. Uzeeni kila nchi italipa kipande chake kulingana na miaka uliyoifanyia kazi, kwahiyo tunza hati zako zote za mshahara, usitupe hata moja. Posho ya watoto inaanza kuangaliwa nchi wanakofanya kazi wazazi, kama mzazi mmoja yuko kazini Ufaransa na mwingine Luxembourg basi Ufaransa wanakoishi watoto ndo inalipa kwanza na Luxembourg inaongezea tofauti kama posho yake ni kubwa zaidi.

Ukipoteza kazi ndo watu wengi wanashtuka. Umechangia Luxembourg miaka sita, unafukuzwa, unaenda kudai Luxembourg, wanakuambia rudi unakolala. Kwa sheria ileile ya 883, mfanyakazi wa mpakani aliyekosa kazi kabisa analipwa na nchi anayoishi, kwa taratibu za nchi hiyo, ingawa wanaangalia mshahara uliokuwa unaupata kule. Ila kama mwajiri amepunguza saa tu na mkataba bado upo, hapo nchi ya kazi ndo inahusika. Jua hili mapema, maana siku hiyo kichwa hakitulii na unaweza kupoteza wiki nzima kwenye foleni ya ofisi isiyokuhusu.

Alafu ikaja kazi ya kufanyia nyumbani na ikavuruga kila kitu. Mi kazi yangu huwezi kuifanyia sebuleni, ila rafiki yangu mhasibu anafanya, na kwake siku anayobaki nyumbani ni siku aliyofanya kazi Ufaransa, sio Luxembourg, hata kama bosi, kompyuta na mteja wote wako Luxembourg. Kwenye kodi anaruhusiwa siku 34 kwa mwaka nje ya Luxembourg, akizidisha, kodi ya siku zile inahamia Ufaransa. Kwenye hifadhi ya jamii hesabu ni nyingine kabisa, kawaida ukifikisha asilimia 25 ya kazi yako nchini unakolala basi unahamishiwa mfuko wa nchi hiyo, ila kuna makubaliano yaliyoanza 1 Julai 2023 ambayo nchi nyingi za Ulaya zimesaini, Luxembourg na Ufaransa zikiwemo, yanaruhusu kazi ya nyumbani kwa kompyuta isiyofika asilimia 50 bila kuhama, mradi yaombwe rasmi. Kwahiyo mtu anaweza kuwa salama upande wa mfuko na amevuka upande wa kodi kwa siku zilezile, na rafiki yangu huyo mwaka wa kwanza ndo yalimkuta, alikuwa anajua namba moja tu.

Mwaka 2020 wakati wa korona ndo nilielewa jinsi maisha haya yanavyoning'inia kwenye uzi. Machi ile Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpakani na Luxembourg, vivuko vidogo vya mto Mosel vikafungwa, watu wakawa wanazunguka mbali na karatasi ya mwajiri mkononi. Na hiyo ni Mosel ileile ambako pale kijiji cha Schengen, 14 Juni 1985, zilisainiwa karatasi za kuondoa ukaguzi mipakani. Hospitali za Luxembourg zinategemea sana manesi wanaolala Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, ikabidi serikali ilipie hoteli kwa wahudumu wa afya waliokubali kulala huko. Fikiria, nchi nzima inaogopa nesi wake asije akashindwa kurudi kesho asubuhi.

Sasa la mwisho, na hili nalisema hasa kwa ndugu zetu wenye pasipoti za nyumbani. Haya yote niliyoyaeleza yanakaa vizuri ukiwa raia wa Umoja wa Ulaya, mi nilikuwa nimeshapata uraia wa Ufaransa kabla sijaanza. Ukiwa na kibali cha kuishi Ufaransa tu, kinakuruhusu kuishi na pengine kufanya kazi Ufaransa, hakikupi kazi Luxembourg. Lazima Luxembourg yenyewe itoe kibali cha kazi kwa jina lako, na kabla ya hapo mwajiri anatakiwa aitangaze nafasi kwenye ofisi yao ya ajira. Uswisi ni ngumu zaidi, kibali chao cha wavukaji, kibali G, kwa asiye raia wa Ulaya kinataka uwe na ukaazi wa kudumu kwenye nchi jirani na uwe umeishi eneo la mpakani angalau miezi sita. Kaka mmoja wa Burundi ninayemfahamu alipata ofa ya kazi ghala moja Luxembourg, akaacha kazi yake ya Metz, akasaini nyumba mpya karibu na stesheni ya treni, alafu akaambiwa kibali bado. Alikaa miezi minne bila kazi upande wowote. Ofa ikija, kibali kwanza, barua ya kuacha kazi baadae.